Maji ya Kumkanda Rozalia

Mimi sipendi kulala kwa mteja. Lakini gari linalosumbua kuwaka likiwa baridi huwezi kulipima mchana. Unalikuta limeshatembea, na ugonjwa umejificha. Ndiyo maana nilitoka Lusahunga na vifaa vyangu, nikalala kwa mzee Pancras, huku milimani Ngara, ili asubuhi nikute pikapu yake haijaguswa.

Nilipotoka nje, ukungu ulikuwa umefunika migomba yote. Mzee alikuwa ameshaamka, amesimama kando ya boneti na birika la maji ya moto. Kila alfajiri huimwagia pampu ya dizeli maji hayo, kisha hupiga stata mpaka injini ikubali. Wengi wenye magari ya dizeli huku wanafanya hivyo, na kila nikiwaona hasira hunipanda, maana maji ya moto yanaweza kuipasua pampu iliyo baridi.

"Shikamoo, mzee. Leo usimwage."

"Marahaba, fundi. Halitawaka." Akalikumbatia birika. "Siku ile ya mama Danstan sikumwaga."

Mama Danstan ni Rozalia, marehemu mke wake. Jioni iliyotangulia, tukila, alinisimulia yote. Rozalia alizidiwa alfajiri, akawa anatetemeka kwa baridi, na maji ya birika mzee akayatumia kumkanda. Alipokimbilia gari hakuwa na maji mengine. Alipiga stata mpaka betri ikaisha, huku mkewe akiuliza kutoka ndani, "Bado?" Rozalia alifia kitandani. Tangu hapo mzee anaamini kwamba alimuua kwa kumkanda, na kila akigusa ufunguo hulisikia tena lile swali. Hakuniita kwa ajili ya gari. Aliniita nimwambie kama ni kweli.

"Piga," nikasema.

Stata ikazunguka kwa nguvu, na mimi nikajikuta nimegeuka kutazama mlango wa nyumba. Hakuna aliyekuwa ameuliza "Bado?" Niliogopa, sifichi.

Bomba la nyuma halikutoa moshi hata kidogo, basi dizeli ilikuwa haifiki. Nikalegeza skrubu ya hewa kwenye chujio la dizeli, yakatoka mapovu matupu. Nikapapasa mpira unaotoka kwenye tangi, nikakuta ufa.

"Hewa inaingia hapa, na usiku dizeli inarudi kwenye tangi," nikamweleza. "Maji hayakusaidia kitu, mzee. Ile stata ndiyo iliyokuwa inaivuta dizeli taratibu. Siku ile betri iliisha kabla dizeli haijafika; hata ungemwaga birika zima, lisingewaka."

Akashuka, birika bado mkononi, akaliweka chini, akalia mbele yangu bila aibu. Moyo wangu ulijaa furaha, na furaha hiyo ndiyo iliyoniponza. Kabla hata ya kuufunga ule mpira, nikakaza skrubu ya hewa, nikaweka kiganja juu ya chujio, penye kitufe cha kupampu kwa mkono, nikakibonyeza mpaka kikawa kigumu.

"Washa sasa."

Akapanda, likawaka papo hapo.

Mzee akashuka polepole. "Lakini mpira bado umepasuka."

"Umepasuka. Ila ukipampu, dizeli inafika."

Nilipoyasikia maneno yangu nilitamani kuyameza. Yeye akaja, akaweka kiganja pale kilipokuwa changu.

"Hiki kitufe kilikuwepo siku zote?"

Nilitafuta uongo, nikaukosa. "Kilikuwepo. Lakini hukujua, mzee."

Injini ilikuwa inanguruma vizuri, mkono wake ukiwa bado juu ya chujio.

"Nilisimama hapa hapa," akasema. "Mkono wangu ulikuwa hapa hapa."