Filimbi ya Spika ya Kushoto

Jumamosi alasiri mpima ardhi alipiga magoti sebuleni, akavuta futi kamba kutoka spika ya kushoto hadi kwenye kiti, kisha kutoka ya kulia hadi kiti kilekile. Vipimo viwili vilipishana kwa upana wa ukucha. Akasogeza kiti, halafu akazungushia chaki kila mguu wa kiti, ili anayefagia asije akakihamisha. Anayefagia alikuwa mkewe. Hakukuwa na mwingine.

Mashine mpya ya santuri ilikuwa juu ya meza ya jiwe. Wabebaji wanne waliiingiza asubuhi kwa mwendo wa watu waliobeba jeneza, na mmoja wao alivua kofia bila kujua kwa nini.

Rafiki zake wawili walikuwa wameshafika. Mmoja alikuwa mfamasia mwenye duka pale kona. Wa pili alikuwa mwalimu wa udereva ambaye kila mtu alimwita Besi, kwa sababu hajawahi kusikiliza mashine yoyote asilalamike kwamba besi ni haba. Wote watatu walikuwa wameshika simu, wanasoma maoni ya wahakiki.

"Huyu anasema ukimya wake ni mweusi tii," alisema mfamasia. "Kwenye wimbo wa pili kasikia mbwa anabweka mbali, nyuma ya gitaa. Santuri anayo miaka yote, mbwa hajawahi kumsikia."

"Mwongo huyo. Wangu hana mbwa, ana ufagio," alisema Besi. "Mtu anafagia, shwaa, shwaa, upande wa kulia."

"Wa kwangu kasikia mzee anaomba maji," alisema mpima ardhi.

"Santuri moja, mashine moja, halafu mbwa, ufagio na mzee wa maji! Wahakiki gani hawa? Wanaanza kunywa saa ngapi?" alisema Besi.

"Huyo mzee alipewa maji?" aliuliza mfamasia.

Mpima ardhi alitelezesha kidole kwenye simu hadi chini. "Hajaandika. Kaandika tu kwamba sauti ya mzee ina joto."

Wakaiweka santuri hiyohiyo, ya mwanamke anayeimba na gitaa moja, ambayo wapenzi wa sauti wote hupimia mashine zao. Sindano ilitua. Mwanamke aliimba ubeti mmoja, na nyuma yake, chini kabisa, kikaanza kitu: tikitikitiki, kinasimama, tikitikitiki.

"Ngoma ndogo," alinong'ona mfamasia. "Anaipiga kwa vidole. Jamani, miaka yote hiyo ngoma ilikuwa imejificha wapi?"

"Besi haba," alisema Besi, lakini macho yalikuwa yamemlegea.

Chumba cha pili, mke wa mpima ardhi alikuwa anashona sare za shule. Cherehani ilikuwa imenyamaza. Gurudumu lilizunguka, sindano ilipanda na kushuka, uzi ulipita, sauti tu ndiyo haikuwepo. Akaitia mafuta. Haikusaidia, akaendelea kushona. Ila alikuwa amezoea kushona kwa sikio, akiangalia kwingine, na baada ya muda sindano ikapita kwenye ukucha wake. Akapiga ukelele.

"Jamani, tunasikiliza!" mumewe aliita kutoka sebuleni.

Wiki hiyo vitu viliendelea kunyamaza. Sufuria ya presha iliacha kupiga mluzi na maharage yakaungua. Bawaba za mlango wa uani ziliacha kulia. Mke aliweka mambo yake sawa kulingana na hali: maharage akayapika huku ameyasimamia, kwenye cherehani akashona kwa macho. Hakulalamika.

Kisha kikanyamaza kifua cha Kitinda.

Kitinda alikuwa binti yao wa mwisho, bado anang'oka meno ya mbele, na alikuwa na pumu tangu kuzaliwa. Kila kifua chake kilipotaka kubana, kililia kwanza filimbi nyembamba. Mama yake aliisikia hiyo filimbi hata cherehani ikiwa inakimbia, hata maji yakiwa yanamwagika bombani, na kabla mtoto hajamaliza kuhema mara kumi, pampu ya dawa ilikuwa imeshafika mdomoni. Ndivyo mtoto alivyofika umri ule. Sasa alimkuta kitandani mabega yanapanda, mbavu zimejichora, mdomo wazi, na chumba kimya kama hakuna mtu.

Alimpulizia dawa. Pumzi za mtoto zikarudi. Mama akaenda sebuleni.

"Baba Kitinda."

Mumewe aliinua kidole, kama alivyokiinua miaka yote, maana yake ngoja upande wa santuri uishe. Mke akangoja. Upande ukaisha.

"Kifua cha mtoto hakisikiki."

"Si umeona? Amepona."

"Hajapona. Anabanwa, ila hakisikiki."

"Sasa mke wangu," alisema mpima ardhi, akifuta santuri kwa kitambaa laini, "mtoto anabanwa kimya, na wewe bado unalalamika?"

Jumamosi iliyofuata wale watatu walikaa tena, wakaweka wimbo wa tatu.

"Sikia!" mfamasia alimshika Besi goti. "Spika ya kushoto. Filimbi!"

Ilikuwa filimbi nyembamba, inapanda na kushuka nyuma ya mwimbaji. Kwenye kiitikio ikaongeza kasi. Mfamasia alifumba macho. Yeye ndiye aliyekuwa anawauzia zile pampu.

"Huyo mpigaji sijui nani," alisema Besi, "lakini ana pumzi! Skia anavyoivuta!"

Mke alikuwa anapita na beseni la nguo. Alisimama. Akaliweka beseni chini, akaenda chumbani, na kule alimkuta Kitinda amekaa ukutani, midomo imeingia rangi ya wino. Akampulizia. Akampulizia tena, akamkumbatia, akahesabu pumzi kwa kiganja mgongoni.

Sebuleni filimbi ilianza kupungua.

"Aa! Inakatika," alisema Besi. "Rudisha nyuma, bwana, ilikuwa inafika patamu!"

Mpima ardhi alirudisha sindano. Filimbi haikurudi. Walisikitika sana.

Usiku huo aliandika maoni yake kwenye simu, akawapa wenye mashine nyota nne. Aliandika: filimbi ina uhai wa ajabu, lakini haidumu.

Mke alimbeba mtoto akaenda kwa dada yake, ng'ambo ya mji. Haikusaidia. Hata kule kifua kilikuwa kimya, na dada mtu alipoweka sikio kwenye mgongo wa Kitinda alisema, "Kama ukuta." Jioni mumewe alipiga simu kuwasalimia.

"Nyumba imetulia hadi raha," alisema. "Na filimbi imerudi. Sasa hivi inalia kama nini."

Mama akageuka kumtazama mtoto, akaidaka pampu.

Walirudi kesho yake. Mumewe alikuwa kazini. Mke alisimama mbele ya mashine na mkasi wake mkubwa wa kukatia vitambaa, ameushika waya wa spika. Alisimama hadi mkono ukafa ganzi. Kisha akauachia waya, kwa sababu duniani kote hapakuwa na mahali pengine ambapo mwanawe alisikika.

Alipoomba santuri ipigwe kutwa, mumewe alicheka kwa upole. "Sindano inaisha, mama. Hii si redio." Tangu hapo ikawa Jumamosi tu, basi.

Kwa hiyo siku nyinginezo mke anafunga uzi wa cherehani kwenye kidole chake, na ncha ya pili kwenye kidole cha Kitinda, mtoto avute akibanwa. Akiwa amelala havuti. Mama anashona mchana wote akiutazama uzi.

Na Jumamosi anakaa kwenye kigoda, karibu na spika ya kushoto, pampu mfukoni. Kitinda haruhusiwi sebuleni, maana mwili wa mtoto unafyonza sauti. Mama wamemruhusu; amekonda, hafyonzi kitu.

"Nilikuwa nasema mimi," mfamasia humwambia mpima ardhi. "Mkeo hatimaye amepata sikio."

"Karibu kwenye chama, shemeji," husema Besi.

Yeye anaitikia kwa kichwa. Wimbo wa tatu unaanza, filimbi inaingia, wote wanainama mbele. Filimbi inaongeza kasi. Mama anainuka na kwenda chumbani, kwa ncha za vidole, bila kukimbia, kwa sababu kishindo hutikisa sindano na mumewe ameshainua kidole.

"Ona sasa," Besi ananong'ona. "Kila ikifika patamu, anaondoka."