Matambara ya Shemeji

"Shemeji, njoo uone."

Fundi cherehani aliliacha shati la mteja kwenye mashine, akamfuata mjane wa kaka yake uani. Ndani ya pipa lililokatwa nusu, samaki wote wa mjane huyo walielea matumbo juu. Kwenye beseni lililokaa juu ya pipa, ambamo maji ya samaki hupita yakiotesha mboga bila udongo, matambara ambayo fundi alimfundisha kuyapanga badala ya kokoto yalikuwa meupe pe.

"Umeyafanyaje haya?"

"Nimeyafua kwa sabuni. Yalishika utelezi, yananuka. Wewe ungekaa na uchafu huo nyumbani kwako?"

Utelezi ule ndio uliokuwa ukiyasafisha maji. Ndani yake huishi vijidudu vinavyogeuza kinyesi cha samaki kuwa chakula cha mboga. Miezi mitano ya kulisha na kungoja ilikuwa imekwenda na povu.

Jioni wanafunzi aliowafundisha ufugaji huo walijaa kibarazani kwake, wamebeba vifurushi vya mabaki ya nguo. Habari ilikuwa imewatangulia.

"Jamani, Mama Usafi kawaogesha samaki mpaka wakafa!" alisema mmoja wao, kinyozi. Kicheko kikalipuka. Shemeji aliinama, akajifanya anafunga kifurushi chake upya.

Fundi angeweza kuendelea na somo, na heshima yake ikabaki palepale. Nani angejua? Lakini yeye alijua.

"Nyamazeni. Shemeji, siku ile niliposema tufue matambara kwanza ili rangi itoke, uliniuliza nini?"

"Yaishe, shemeji."

"Sema."

"Nilikuuliza, na yakishaingia kwenye beseni, tuyafue kila baada ya muda gani?"

"Nikakujibuje?"

"Kwamba mwanafunzi hamtangulii mwalimu."

Fundi aliwageukia wanafunzi.

"Basi samaki wale nimewaua mimi," fundi alisema. "Jibu nilikuwa nalo. Nilitaka tu mningoje mpaka nifike huko. Yakishaingia kwenye beseni, hayafuliwi tena. Unisamehe, mke wa kaka yangu."

Kabla hajajibiwa, kinyozi alisimama, uso umemshuka.

"Fundi, mimi nami nimeyafua ya kwangu mchana huu."

Hakuna aliyecheka. Shemeji ndiye aliyenyanyuka wa kwanza.

"Una maji yaliyolala kwenye ndoo mpaka dawa ya bomba ikaisha?"

"Sina."

"Mimi ninayo. Twende upesi tuwabadilishie, huenda samaki wako bado wanapumua."