Gunia la Jumatatu

Katekista Gervasi aliponiteua kuwa msimamizi wa ubatizo wa Armelle, kichwa kilinivimba. Siku ileile nikaenda kununua daftari. Nilitaka kumfundisha sala, amri, majina ya mitume, kila kitu, maana mdomo ninao na ufukwe wetu mzima wa Katonga unajua. Gervasi alipoliona lile daftari akacheka.

"Mama Bariki, maswali atajifunza darasani kwangu. Wewe kazi yako ni moja tu, akuone unavyoishi."

Nilinuna. Anione tu? Kwani mimi picha ya ukutani?

Armelle ana miaka kumi na tisa. Alitoka Burundi akiwa mdogo, akalelewa na shangazi yake kule Katubuka, mwanamke mwema ila wa kanisani hakuwa, kwa hiyo binti akakua bila kubatizwa. Alikuja kufanya kazi kwangu ya kuanika dagaa mwanzoni mwa Kwaresima, na ubatizo wake ungekuwa Pasaka. Ni mwembamba, ana haya, na ukimwambia neno anaitika kwa Kirundi, "Ego, mama", kabla hujalimaliza.

Basi akaniona. Jamani, aliniona! Nikifunga kitenge fundo upande wa kushoto, kesho yake na yeye kushoto. Nikiwafokea kunguru wanaodonoa dagaa, naye anawafokea kwa maneno yaleyale, hata yale yasiyofaa Kwaresima. Mitumbwi ikiingia asubuhi huwa namwekea kando bakuli moja la dagaa bibi mmoja asiyeona vizuri. Wiki ya pili nikakuta bakuli limeshajazwa. Tena nina desturi yangu tangu nianze kazi hii: nikimaliza kujaza gunia, kabla sijashika shazia, ile sindano ya magunia, kulishona mdomo, napiga ishara ya msalaba juu yake. Armelle naye akaanza kupiga, taratibu, macho kayafumba. Mzee Mwinshehe, jirani yangu anayeanika kwenye chanja la pili, akanitania kwa jina langu, "Yunisi, siku hizi mko wawili." Nikajifanya nimeudhika, lakini moyoni nilifurahi mno. Nilikuwa nimempenda yule mtoto kuliko nilivyotarajia.

Sasa sikieni nilichokifanya. Dagaa wazuri huanikwa juu ya chanja, kwenye wavu uliotandazwa juu ya miti, hawagusi chini. Mvua za masika zikifululiza, machanja hayatoshi. Wanaobaki unawamwaga mchangani wakauke watakavyokauka, na hao ukiwala unasikia mchanga kwenye meno. Wana wanunuzi wao, wanaojua wanachochukua. Jumatatu moja gunia la Anatoli likapungua. Anatoli ni mnunuzi wangu wa Kidahwe, na kwa miaka minane hajawahi kufungua gunia langu hata moja. Nikachota wa mchangani, nikawatia chini, nikawafunika na wa chanjani. Nikapiga msalaba, nikashona. Kisha nikasahau, na kinachoniuma hadi leo ni hicho, kwamba nilisahau.

Alhamisi nilikwenda msibani Ujiji, nikamwachia Armelle kazi ya kujaza magunia peke yake kwa mara ya kwanza. Niliporudi mchana nikayakuta manne, yamepangwa mstari, yameshonwa vizuri kuliko ninavyoshona mimi. Yeye kasimama pembeni anangoja kusifiwa.

"Yametimia manne? Dagaa wa chanjani si walikuwa wa magunia matatu tu?"

"Ego, mama. Nimefanya kama wewe. Wa mchangani nimetia chini, wa chanjani nimeweka juu, nimewagawa kote. Halafu nikapiga msalaba, nikashona."

Nikalipuka. "We mtoto una wazimu? Nani kakufundisha wizi?"

Akashtuka, akashika mdomo, akamaka kwa Kirundi. "Mawe! Ni wizi? Jumatatu nilikuona, mama. Nilidhani ndivyo wanavyopangwa."

Hakuwa ananisuta. Laiti angenisuta, ningemjibu, maana majibu sikosi. Alikuwa anauliza kweli, na macho yake yalikuwa yaleyale yaliyonitazama nikimjazia bibi bakuli. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Hapohapo pikapu ya Anatoli ikaingia. Akashuka, akanisalimia, akalipapasa gunia la kwanza kwa kiganja. "Pakia," akamwambia dereva. "Ya Mama Bariki hayafunguliwi."

Dereva akaliinua. Nilijiambia, acha yaende, mtoto utamweleza baadaye taratibu, mkiwa wawili. Nikamtazama Armelle. Alikuwa hatazami gunia wala pikapu, ananitazama mimi. Nikinyamaza, Pasaka atabatizwa akijua kwamba hivyo ndivyo Wakristo wanavyofunga gunia.

"Anatoli, ngoja. Usipakie."

Nikachukua wembe, nikakata uzi, nikamwaga gunia zima kwenye turubai. Wa chini wakatoka na mchanga wao. "Yote manne yako hivi," nikasema. "Binti hana kosa, kajifunza kwangu. Na lile la Jumatatu nililifunga kwa mikono yangu mwenyewe. Nalo lilikuwa hivihivi."

Anatoli akainama, akachota dagaa wa chini, akausugua mchanga kwa vidole.

"Kuna mama alinirudishia dagaa juzi," akasema. "Wana mchanga. Nikamfokea mbele za watu. Nikamwambia kautia mwenyewe, Mama Bariki namjua."

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

"Nipeleke kwake," nikamwambia. "Nikamwombe radhi mwenyewe."

"Njoo Jumamosi." Akapanda pikapu. "Na kuanzia leo, Mama Bariki, nitakuwa nafungua."

"Fungua," nikasema. Akaondoka bila gunia hata moja.

Tukakaa chini, Armelle na mimi, tukaanza kuchambua dagaa mmoja mmoja. Mzee Mwinshehe alikuwa amesikia yote, lakini siku hiyo hakutania. Baadaye Armelle akauliza bila kuinua kichwa, "Mama, sasa nitatafutiwa msimamizi mwingine?"

"Ukitaka, mwanangu. Nitakwenda kwa Gervasi nimweleze mwenyewe. Unastahili mtu bora kuliko mimi."

Akaendelea kuchambua, wa huku huku, wa kule kule.

"Huyo mwingine," akasema, "sijamwona akifungua gunia."

Nililia pale pale kwenye turubai, mtu mzima mimi, na kunguru wakapata nafasi yao.

Jumamosi tulikwenda wote Kidahwe. Yule mama alinisema kwa Kiha hadi akachoka, nikasikiliza, na kwangu kusikiliza ni kazi ngumu kuliko kubeba magunia. Jumatatu Anatoli akaja kama alivyosema. Akaingiza mkono katika kila gunia hadi kwapani, akatoa dagaa wa chini, akawatafuna. Armelle hakununa. Alimshikia mdomo wa gunia ili mkono upite vizuri.

Yakabaki kushonwa. Tangu siku ile sikuwa nimepiga msalaba juu ya gunia lolote. Nilikuwa naona haya, mkono haunyanyuki. Armelle akashika shazia, akafumba macho, akapiga msalaba taratibu kama kawaida yake. Nilimtazama hadi akamaliza, kisha nikamfuatisha.