Gari la Mkunga na Taa Isiyowaka

Kama ungetaka kumkasirisha Fundi Masikio asubuhi na mapema, kabla hata hajavaa ovaroli, ungemwambia tu kwamba umenunua gari jipya la Mchina. Hapo ungekoma. Angekuuliza umelinunua dukani au umelikuta ndani ya boksi la biskuti. Angekuambia bati lake ukiliegemea linabonyea, na skrubu zake zinaanza kulegea zikisikia tu kwamba leo safari ni ya mlimani. Watu walicheka, na yeye alipenda wakicheka, kwa sababu mtu aliyelala chini ya magari miaka thelathini na moja ana haki ya kusema lolote juu ya magari.

Hilo jina la Masikio hakupewa bure. Ulimpelekea gari, yeye hagusi kitu. Anafumba macho, anakwambia washa, zima, washa tena, halafu anakutajia ugonjwa wa gari lako mpaka unashangaa. Gereji yake ilisimama kwa magari yaliyotumika, yale yanayoshushwa melini yakiwa yameshaendeshwa na Wajapani wawili watatu kabla yako. Hayo aliyajua kama anavyoyajua meno yake mwenyewe, na mtu akitaja kitu kipya alikuwa haambiliki.

Sasa basi, mtu huyohuyo ndiye ambaye binti yake alimfuata Jumapili moja mchana, akavuta kiti, akasema anataka kununua gari. La Mchina. Jipya.

Binti huyo alikuwa mkunga, na si mkunga wa kubahatisha. Alikuwa ameteuliwa kuongoza kituo cha afya kilicho juu kabisa ya mlima, mwendo wa saa nzima kwa kona zisizo na huruma. Lakini barua ya uteuzi ilikata maneno: anayeshika nafasi hiyo awe na usafiri wake mwenyewe kufikia tarehe moja, maana kituo hakina gari, na mama mjamzito akizidiwa yeye ndiye atakayemshusha hospitali kubwa. Asipokuwa na gari, nafasi anapewa mwingine. Zilikuwa zimebaki siku tisa. Kwa akiba aliyokuwa nayo, gari la Mjapani ambalo angelipata ni lile lililokwisha kuzeeka na kuanza kusahau njia ya nyumbani.

Masikio alifungua mdomo atoe ule mzaha wa boksi la biskuti. Mkewe, aliyekuwa akipanga vyombo kabatini, alikohoa kile kikohozi cha wake wa siku nyingi. Mzaha ukarudi ulikotoka.

"Sikuja kuomba ruhusa, Baba," binti alisema. "Nimekuja kukuomba ulikague. Ukilikataa kwa sababu ya kweli, silichukui. Ukilikataa kwa sababu ya maneno yako ya gereji, nitajua."

Masikio ndiye aliyemfundisha mtoto huyu kuongea hivyo, hakuwa na wa kumlaumu. Ila moyoni alichanganyikiwa, na tusimfichie siri. Akilipitisha gari hilo, halafu siku moja breki zikakataa kwenye kona na mwanawe yumo ndani, na mama wa watu kwenye kiti cha nyuma anaugulia uchungu, atamwambia nani nini? Na akilikataa kwa ubishi tu, atakuwa amemnyang'anya mwanawe kazi aliyoihangaikia miaka kumi na miwili. Alisema sawa, atalikagua. Alisema shingo upande, lakini alisema.

Jumanne muuzaji aliwapa gari la majaribio la siku nzima, aina ileile na bei ileile ya lile alilolitaka binti, akiwa na tabasamu lisilofungika. Alikuwa kijana mtanashati, viatu vinang'aa. Alimwita Masikio mzee wangu kila baada ya maneno mawili, akamhakikishia kwamba gari lina kila kitu: breki za kisasa, kamera ya nyuma, mifuko ya hewa miwili ya kumlinda dereva na abiria likigongwa. Vyote vimeandikwa kwenye fomu. Binti akaikunja fomu yake, akaitia mkobani.

Gereji nzima ilisimama kutazama. Fundi wa rangi wa jirani aliacha kazi yake, akaja na kiti kabisa, maana tamasha la namna hii halitokei kila wiki. Masikio akalipandisha gari jeki, akavua magurudumu yote manne, akaingia chini.

Alikuwa anatafuta kosa, tuseme ukweli. Alilitafuta kama mtu aliyepoteza pete. Alipitisha kidole kwenye kila mshono wa bodi, akagonga kila kiungo kwa mpini wa bisibisi akisikiliza. Alipata raba mbili za chini, zile zinazokaa kwenye viungo vya magurudumu, ambazo alizionea huruma, akasema hizo kwa barabara ya mlimani hazifiki mwaka. Alipata rangi nyembamba chini ya milango, akasema itabidi kupaka dawa ya kutu mapema. Akapata na vibanio vya plastiki vilivyofungwa na mtu mwenye haraka. Lakini uchomeleaji ulikuwa safi, mabomba ya breki yamepitishwa na mtu mwenye akili, na injini, alipofumba macho na kuisikiliza, ilikuwa inapumua vizuri. Alifumba macho mara tatu. Mara ya tatu alikaa hivyo mpaka fundi wa rangi akauliza kama mzee amelala.

Akapanda nalo mlima mwenyewe. Akashuka nalo akikanyaga breki kila kona, mara nne, tano, mpaka magurudumu yakatoa harufu, na gari likasimama kila alipoliambia simama, bila kuyumba upande. Kile kioo kidogo cha mbele ya usukani, chenye taa za tahadhari, kilikuwa cheusi na kitulivu, hakuna taa hata moja ya kulalamika. Alibonyeza kifuniko cha katikati ya usukani kwa dole gumba, akakuta kinene na laini, akaridhika kwamba mfuko wa hewa umo ndani.

Alipofika nyumbani alinawa mikono muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akasema limepita. Alilisema neno hilo mbele ya mkewe na binti yake kwa namna ya mtu anayemeza kidonge bila maji, na mkewe, Mungu ambariki, hakucheka. Alisema raba zibadilishwe, dawa ya kutu ipakwe, ukiacha hayo, ni gari. Gari kamili. Taa za tahadhari zote zimezima, zinakwambia hakuna ugonjwa.

Binti alifurahi, lakini hakuruka. Alikuwa ameketi mezani na kile kitabu kinachokaa kwenye kijidroo cha gari. Sasa hapo lazima nikueleze jambo. Masikio hakuwahi kusoma kitabu cha gari maisha yake yote. Si kwamba hajui kusoma. Magari yote yaliyopita mikononi mwake yalikuja na vitabu vya Kijapani, maandishi ya juu kwenda chini, na fundi gani ataelewa? Vile vitabu karatasi zake ni nzuri sana kwa kufutia oili. Basi kwa miaka thelathini na moja gereji nzima iliamini kwamba kitabu cha gari ni tambara la bure.

Mkunga naye ana tabia yake. Hafungui kichupa cha dawa bila kusoma kile kikaratasi cha ndani, kila mara, hata dawa aliyoitumia jana. Alikisoma kitabu hicho, kilichoandikwa kwa Kiingereza, ukurasa kwa ukurasa, kidole kikifuata mstari, kisha akanyanyuka, akatoka nje, akageuza ufunguo bila kuwasha injini. Akahesabu. Akazima, akageuza tena, akahesabu tena. Akamwita baba yake.

Akamwonyesha mchoro wa taa ndogo yenye mtu aliyeketi na duara mbele yake. Kitabu kinasema taa hiyo ni ya mifuko ya hewa, na kila ufunguo ukigeuzwa inatakiwa iwake sekunde chache, kisha izime yenyewe. Ndivyo gari linavyokuambia kwamba limejipima na mifuko iko tayari. Kwenye gari hili haikuwaka kabisa.

Masikio alicheka kwa upole, kile kicheko cha fundi kwa mtu asiye fundi. Alimwambia taa isiyowaka ndiyo raha ya dereva. Wateja wake hata walikuwa wakimletea magari yenye taa zinazong'ang'ania kuwaka, naye alikuwa akifungua dashibodi, anachomoa kibalbu, na mtu anaondoka kwa amani.

Binti alimtazama.

"Baba, mtoto akizaliwa kimya, sisi hatusemi ametulia."

Masikio alisimama pale ameshika mlango wa gari. Yeye, mwenye masikio ya kusikia beringi inayokufa kutoka ng'ambo ya barabara, alikuwa amekaa mbele ya kioo kile siku nzima, ukimya ukimwambia wazi kwamba humu ndani hamna kitu, na yeye akauita ukimya huo afya. Kisha likamjia jambo jingine: vile vibalbu. Alivichomoa vingapi? Viko kwenye kopo la kahawa juu ya rafu, vimejaa, na kila kimoja kina mwenyewe anayeendesha huko nje na watoto wake, akiamini gari lake ni zima.

Aliona aibu, tena aibu nzito. Lakini kilichoshangaza, na alikuja kumwambia mkewe baadaye, ni kwamba chini ya aibu ile palikuwa na kitu kingine kinachopanda, na kitu hicho kilikuwa kifua kinachotaka kupasua shati. Huyu ni mwanangu, alijisemea. Huyu nimemzaa mimi.

Asubuhi yake walikwenda kwa muuzaji wote wawili. Masikio alikuwa amejiandaa kuunguruma, lakini binti alimwomba anyamaze, naye, ajabu, akanyamaza. Binti alimwomba kijana mtanashati awageuzie ufunguo kwenye magari yaliyopangwa uani, moja baada ya jingine. La kwanza, taa haikuwaka. La pili, haikuwaka. La mwisho pale kwenye kona, lililopakwa rangi ya njano kali ambayo hakuna mteja aliyeitaka, taa ikawaka, sekunde moja, mbili, tatu, nne, ikazima. Kijana akajikuna shingo. Akaeleza kwamba lile la njano ni daraja la juu, na haya mengine ya bei ya chini kumbe kiwandani hayawekewi mifuko, ila usukani ni uleule, yeye mwenyewe hakujua. Huenda alisema kweli. Viatu vyake vilikuwa vinang'aa vilevile.

Binti akaitoa fomu, akainyoosha juu ya boneti. Mifuko ya hewa miwili, imeandikwa, imepigwa muhuri. Akaita mkubwa wa duka kwa sauti ileile anayoitumia kumwambia mama sukuma. Mkubwa akaja, akasoma, akamwangalia kijana wake kwa jicho ambalo nisingependa kuangaliwa nalo. Mkubwa huyo alijaribu kumwonyesha binti ubora wa kamera ya nyuma. Binti akamwambia yeye hataki kuona nyuma, anataka walio mbele wafike. Kabla ya saa sita mchana lile la njano lilikuwa lake, kwa makubaliano yaleyale ya kwenye fomu, na bei ileile ya chini.

Siku ya tarehe moja, kabla ya kupanda mlima, alipita gereji kubadilishiwa raba mbili za chini, maana la njano nalo lilikuwa nazo zilezile. Watu walilizunguka gari wakilicheka rangi yake, kwamba likiharibika njiani wataliona kutoka mwezini. Dereva mmoja wa teksi, mteja wa siku nyingi, alikuwa ameitwa na Masikio mwenyewe, pamoja na wengine, na kopo la kahawa lilikuwa mezani, kila mmoja arudishiwe kibalbu chake na gari litafutiwe ugonjwa wake wa kweli. Dereva huyo hakuelewa imekuwaje. Alilitazama lile gari la Mchina, akamtazama Masikio aliyekuwa na mafuta mpaka kwenye nyusi, akauliza kwa mshangao kama kweli mzee amelikagua hilo gari kwa mkono wake na kulipitisha.

Kwenye gereji kuna anayekagua, na kuna mwanafunzi anayemshikia tochi. Kila fundi pale alianzia kwenye tochi, na hakuna anayependa kukumbushwa. Masikio alijifuta mikono. Angeweza kujibu ndiyo, na hakuna ambaye angejua.

"Aliyelikagua ni huyu mkunga," alisema, akimwonyesha binti yake kwa kidevu. "Mimi nilishika tochi."

Alilisema kwa sauti ya kutosha kumfikia hata fundi wa rangi, halafu akarudi chini ya gari kukaza raba ya pili.