Kufuli Lisilofunga Kitu

Kulikuwa Likasi na mwanamke aliyeitwa Mama Kidole, na jina hilo alipewa kwa sababu ya kompyuta.

Jina lake la ubatizo ni Gertrude. Alikuwa mtangazaji wa redio ndogo ya mtaani Panda, na nyumba yake ilikuwa ndani ya uwanja uleule wa redio. Kila alfajiri kompyuta ya studio ilirusha yenyewe nyimbo za kanisa, matangazo ya matanga na sauti ya Gertrude iliyorekodiwa jana yake, huku wenzake wakiwa bado wamelala huko Kikula na Shituru. Ilifanya kazi vizuri, mpaka umeme ukatike. Na umeme wa Likasi, ingawa mabwawa ya Koni na Mwadingusha hayako mbali, hukatika unapotaka. Ukikatika, redio ilinyamaza. Ukirudi, kompyuta iliamka, ikafika kwenye skrini nyeusi yenye mstari mmoja mweupe uliodai neno la siri, ikagoma hapo. Haikusogea mpaka mtu abonyeze Esc, kile kitufe cha pembeni kabisa juu ya kibodi. Hapo ndipo iliendelea na kazi zake kana kwamba haikuwa imeuliza kitu.

Mtu wa kubonyeza alikuwa Gertrude. Alikimbia akiwa na povu la sabuni shingoni, alikimbia na unga wa bukari viganjani, na majirani hawakumhurumia.

"Mama Kidole, kimbia! Courant imerudi!"

"Badala ya kucheka, mufungue mulango!" aliwajibu bila kusimama.

Neno la siri lenyewe halikuwapo. Miaka ya nyuma fundi mmoja, Alphonse, alikuwa ameifunga diski yote kwa programu ya kuficha data, ili mwizi akiiba mashine asisome kitu. Mashine ikawa nzito, Alphonse akaifungua tena diski, kisha akahamia Lubumbashi. Diski ikawa wazi. Swali la mlangoni likabaki. Mafundi waliokuja baadaye waliimba wimbo mmoja: fomati. Lakini programu ya kurushia matangazo ililetwa na wafadhili ambao mradi wao ulikwisha, na hakuna aliyejua pa kuipata tena. Ukifuta kila kitu, umefuta redio.

Basi Gertrude akaendelea kukimbia, na pengine angekimbia hadi uzeeni, kama si simu ya Jaël. Jaël ni binti yake, ameolewa Kolwezi, na siku za kujifungua mtoto wake wa kwanza zilikuwa zimekaribia. Kwao mtoto wa kwanza huogeshwa na bibi yake, mama wa mzazi, tangu siku ya kwanza.

"Mama, weye utakuya lini?"

"Nitakuya, mutoto yangu. Natafuta muntu wa kubaki na mashini."

"Kumbe ile mashini njo ulizaa, na miye ulininunua ku soko?"

Gertrude alicheka sana. Simu ilipokatika akabaki amekaa, mikono mapajani, kicheko kimekwisha. Mkurugenzi wa redio, Germain, hakuwa mtu mbaya; alipoombwa ruhusa aliuliza swali moja tu, "Maman Gertrude, nani atabonyeza?" na wote wawili walijua jibu.

Ndipo Gertrude akamwita Mwadi, msichana mwenye diploma ya informatiki na duka dogo la kutengeneza kompyuta karibu na soko. Aliingia studio asubuhi, akiwa na mkoba mmoja na mdomo usioogopa mtu. Germain alimpa muda hadi habari za saa sita, kisha akatoa shauri ambalo hakuombwa.

"Fomati tu, tumalize."

"Directeur, fundi akikuya kwako kutoa musumari mu ukuta, anabomoa nyumba?"

Gertrude akauficha mdomo kwa kitenge.

Mwadi hakugusa kibodi. Alivuta kiti, akasema, "Mama, nionyeshe namna unafanyaka." Gertrude akaizima mashine, akaiwasha, na mstari mweupe ulipotokea akabonyeza. Aliona haya kuonyesha ujuzi wa kidole kimoja mbele ya mtu aliyesoma, lakini msichana alikitazama kidole kile kwa makini, kama daktari anayesikiliza kifua.

"Hauandike kitu?"

"Kidole tu."

"Basi diski haijafungwa. Ingekuwa imefungwa kweli, kidole haingepita. Hii ni kufuli inaninginia ku ukuta, mulango haiko."

Hata hivyo hakuyaamini maneno yake mwenyewe. Aliikagua diski mwanzo hadi mwisho, akahakikisha kwamba ni wazi. Akanakili programu ya redio na sauti zote kwenye diski yake ya pembeni. Akanakili pia ile sehemu ndogo ya diski ambamo kompyuta, ikiamka, hutafuta nani wa kuendelea naye. Baada ya hayo tu ndipo alipoingia kwenye mpangilio wa kuwasha, akaitoa programu ya kufuli kwenye nafasi ya kwanza na kuweka Windows mahali pake.

Akawasha. Skrini nyeusi. Mstari mweupe.

"Nilisema," alisema Germain. Simu yake ililia. Msikilizaji wa Shituru alitaka kujua kama redio imekufa. "Haijakufa, baba. Iko kwa daktari." Akamkazia macho Mwadi.

Gertrude alihisi Kolwezi inasogea mbali. Lakini Mwadi hakukasirika wala hakutetemeka. Alirudi kwenye sehemu ile ndogo, akasoma majina ya mafaili moja moja, midomo ikicheza. Akasimama kwenye jina moja.

"Mama, ona. Hii iko na jina ya Windows. Lakini tarehe yake ni siku Alphonse alifunga diski. Na ukubwa wake si wa Windows." Kidole chake kikashuka kwenye faili lingine lenye jina la ajabu. "Windows yenyewe njo hii. Kufuli ilivaa nguo za mwenye nyumba, mwenye nyumba bakamusukuma pembeni na jina ya kukopa."

"Na kama ungeifuta ile ya kwanza?"

"Mashini haingeamka tena. Hata kwa kidole yako."

Gertrude alijua kazi safi akiiona. Miaka yote alikuwa akikata vikohozi kwenye sauti za watu, akijitahidi asiguse neno lililo kando ya kikohozi, na mara nyingi aliligusa. Msichana huyu hakugusa. Alilivua faili la kufuli jina la uongo, akalipa jina jingine. Akamrudishia mwenye nyumba jina lake, herufi kwa herufi, akalisoma, akalisoma tena.

"Na kufuli hauifute?"

"Iamke kwanza. Kufuta haina haraka."

Kisha akamgeukia Germain. "Directeur, kata courant. Weye mwenyewe."

Germain alikwenda ukutani, akashusha swichi kubwa. Studio ikafa. Akaipandisha. Feni ya kompyuta ikaanza kuvuma, na mkono wa Gertrude ukaondoka wenyewe kuelekea kwenye kibodi.

"Mama, mikono."

Gertrude akaikalia mikono yake. Skrini ikawa nyeusi, ikadumu nyeusi. Halafu ikaja alama ya Windows, ikaja programu ya redio, na kwenye spika sauti yake mwenyewe ikasema: "Likasi, yambo yenu!"

"Tena," Mwadi alimwambia Germain. Akakata tena, ikaamka tena. Safari nyingine Germain hakungoja kuambiwa. Alishusha swichi akicheka kama mtu aliyepewa kitu cha kuchezea. Hapo ndipo Mwadi alipolifuta lile kufuli, polepole, akajipangusa viganja.

"Sasa Mama Kidole tutamuita nani?" Germain akauliza.

"Mumuite Kambo, namna mujukuu atamuita. Si anaenda Kolwezi?"

Kesho yake alfajiri Gertrude alikuwa ameketi mbele, karibu na dereva, kwenye gari la Kolwezi, kikapu cha nguo za mtoto mapajani. Redio ya gari ilikuwa ikiimba nyimbo zake za kanisa. Walipoishika njia ya Kambove, wimbo ukakatika katikati ya neno.

"Courant ya Likasi hiyo," dereva alisema.

Kidole cha Gertrude kilibonyeza kifuniko cha kikapu. Studio ilikuwa tupu. Wenzake walikuwa bado usingizini. Redio ilikoroma tu, kilima kikapita, kingine kikapita. Halafu mkoromo ukakatika, na mtu akasema, kwa sauti aliyoijua: "Likasi, yambo yenu!"

Dereva alikitazama kidole kilichokuwa bado kimesimama juu ya kikapu.

"Mama, kidole inakuuma?"

"Hapana," alisema Gertrude. "Inapumzika."