Mashati Kumi ya Milimita

Mguu wa fundi Milimita haukukatwa na daktari. Daktari alimalizia tu. Ulikatwa na sindano, kipande kilichovunjika kisichozidi punje ya mchele, na ulikatwa na ukaidi wake mwenyewe.

Mafundi wa karakana ile ya ushonaji walikuwa wanavua viatu wakifika kazini. Pedali ya cherehani, walisema, haiendeshwi kwa kiatu. Lazima unyayo uihisi, ujue chuma kinataka kwenda au kinataka kusimama. Basi walikanyaga peku kutwa nzima, na kuchomwa na sindano za sakafuni kwao lilikuwa jambo la kawaida kama kupiga chafya. Unachomoa, unafuta damu kwa kitambaa chakavu, unaendelea na pindo. Milimita naye alichomoa, akafuta, akaendelea. Shida ni kwamba alikuwa na kisukari, na kliniki walishamwambia mpaka wakachoka kwamba mtu wa sukari hatembei peku. Alikuwa akiitikia "ndiyo, daktari" kwa adabu zote, halafu anafika karakana na kuvua viatu. Wiki sita baada ya sindano ile, mguu wa kulia ulikatwa chini kidogo ya goti, na mtu aliyepewa jina lake kwa sababu alikuwa akifumua suruali nzima kwa milimita mbili tu akarudi nyumbani kwa magongo.

Siku za mwanzo alikata tamaa kabisa, na kukata tamaa kwa fundi ni kubaya kwa sababu fundi ana mkasi. Asubuhi moja mkewe alipokwenda sokoni, alitoa suruali zake zote sita kabatini, akazikata mguu wa kulia, zote kwa kipimo kimoja, akazifunga chini kwa mshono wa mkono. Mkewe aliporudi alizikuta zimepigwa pasi na kukunjwa juu ya kitanda. Alifungua moja, akaona pindo lilivyonyooka, ndipo machozi yakamtoka.

"Umefanya nini, Fundi?" Tangu enzi za uchumba alikuwa akimwita hivyo, kwa utani kwanza, halafu kwa mazoea.

"Nimejipima," alisema Milimita.

Kipimo chenyewe kilikuwa sahihi. Ila miezi minne baadaye, hospitali walipompa mguu wa bandia wenye kiatu chake na soksi yake, mzee mzima hakuwa na suruali hata moja ya kuuvalisha. Mkewe akainama chini ya kitanda, akatoa mfuko wenye vipande sita vya suruali, vimefuliwa. Alikuwa ameviokota jaani siku ile ile, akavificha.

"Haya, kazi hiyo," alisema, akamwekea mapajani.

Milimita alisogea kwenye cherehani kuukuu iliyokuwa karibu na dirisha, ambayo mkewe alikuwa akiitumia kutia viraka. Akaweka mguu mpya juu ya pedali, akakanyaga. Gurudumu likazunguka kinyume, uzi ukajisokota chini ya kitambaa kama nywele zisizochanwa, ukakatika. Akakanyaga tena, ukakatika tena. Mguu ule wa bandia ulikuwa mzuri wa kutembelea, lakini haukuwa na unyayo wa kuhisi kitu, wala kifundo cha kuchezesha pedali mbele na nyuma. Suruali zile sita alizimalizia kwa mkono, shingo upande, kila moja ikawa na kiungo gotini.

Siku chache baadaye alikuja mkuu wa karakana, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye mafundi wote walimwita Shangazi ingawa hakuwa shangazi wa yeyote kati yao. Alikaa, akauliza hali, akanywa maji aliyopewa. Halafu akasema kilichomleta, kwa sababu hakuwa mtu wa kuzunguka.

"Cherehani yako nimeifunika kitambaa. Hakuna aliyeikalia. Lakini tarehe mosi ya mwezi wa pili kutoka huu tunaanza oda ya sare za shule, na kuna fundi anaomba nafasi, mama mmoja, kazi yake nimeiona, ni nzuri."

"Nitarudi kabla ya hapo," alisema Milimita.

"Wenzako wanatoa mashati kumi na mawili kwa siku. Wewe nakuomba kumi. Njoo siku moja kabla ya hiyo tarehe mosi, ukae, ushone. Ukitoa kumi safi, nafasi ni yako. Nikikupokea kwa pungufu ya hapo nitakuwa nakuonea huruma, na huruma haikai mwezi. Wenzako wataanza kununa."

"Na nikishindwa?"

"Nitampa yule mama."

Milimita alimwangalia, akaona kwamba hatanii, na kwa mara ya kwanza tangu hospitali akajisikia anaheshimiwa. "Kumi," alisema. "Nimekubali."

Cherehani za umeme karakana ilikuwa nazo mbili, lakini umeme ulikuwa unakuja ukijisikia, kwa hiyo hizo zilikuwa za mapambo. Kazi ilikuwa ya mguu. Kwa kuwa wa kulia haukuwa na la kusema tena, ilibidi wa kushoto ujifunze kazi yote upya, peke yake. Milimita akafanya jambo ambalo hakuna fundi wa miaka ishirini na saba angependa kuonekana akilifanya. Aliomba karatasi za daftari zenye mistari, akachomoa uzi kwenye sindano, akaanza kushona karatasi.

Ndivyo wanafunzi wanavyoanza. Unapitisha sindano tupu juu ya mstari wa karatasi, na matundu yakitoka nje ya mstari, unarudia. Mafundi wenyewe huwacheka wanafunzi wa karatasi, na Milimita alikuwa hodari wa kuwacheka. Sasa alikuwa anawafungia wageni mlango mpaka azifiche chini ya godoro. Kaka yake mkubwa, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alimfumania siku moja, akaketi kwa huzuni kana kwamba amekuta maiti.

"Ndugu yangu, kubali yaishe. Njoo dukani kwangu, kazi ni kukaa tu nyuma ya kaunta."

"Kaka, nimekatwa mguu. Sijakatwa kazi."

"Sasa ndiyo ushone karatasi?"

"Kwa leo, ndiyo."

Kaka aliondoka akitikisa kichwa, na tusimlaumu, alikuwa anampenda. Wanaotupenda ndio wepesi wa kututafutia kiti.

Jioni, kabla jua halijazama, mkewe alizichukua karatasi za siku hiyo moja moja, akaziinua dirishani. Mwanga ulipita kwenye matundu, na hapo uongo haukuwezekana. Za wiki ya kwanza zilikuwa kama njia ya siafu waliomwagiwa maji. "Hii mbaya," alisema mkewe. "Hii mbaya. Hii mbaya, lakini mwisho wake mzuri." Milimita alichukia ule ukweli wake, na hakuna kitu kilichomsaidia kuliko huo.

Kulikuwa na siku ambazo mguu usiokuwepo ulikanyaga. Aliuhisi kabisa, vidole vitano vikibonyeza pedali upande wa kulia, na cherehani imetulia tuli. Siku hizo aliogopa kwamba akili nayo inamwacha. Aliupiga ule mguu wa bandia kwa ngumi. Kisha akajizoeza jambo moja, kutofikiria mashati kumi, wala tarehe mosi, wala mama yule mwenye kazi nzuri. Alifikiria mstari uliokuwa chini ya sindano. Ukiisha, anafikiria unaofuata. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kukanyaga, maana akili ya mtu mwenye hofu ni mtoro.

Akagundua pia kwamba kila anapoanza mshono, gurudumu lilitaka kurudi nyuma. Mguu mmoja haukuwa na nguvu ya kulikataza. Basi akawa analizungusha kwa mkono, mishono mitatu ya kwanza, taratibu, ndipo mguu unashika kazi. Mishono hiyo mitatu ilibana kidogo kuliko iliyofuata. Mtu wa kawaida asingeiona hata akipewa miwani miwili. Milimita aliiona, ikamkera, akaizoea.

Siku ilipofika aliingia karakana saa moja asubuhi. Kitambaa kilikuwa kimeshaondolewa kwenye cherehani yake. Jirani yake wa cherehani, fundi waliyemwita Redio kwa sababu hazimwi, alisimama kumkumbatia na kuanza taarifa ya habari: nani kaoa, nani kagombana na nani, sindano za siku hizi zilivyo dhaifu. Hakuna aliyevua viatu. Milimita alitazama miguu ya wenzake ilivyopangana juu ya pedali, yote imevaa viatu, akainamisha kichwa haraka akaanza kazi.

Mpaka adhuhuri alikuwa na mashati manne. Hesabu ilimkataa lakini hakuifuata, alifuata mshono. Saa nane alikuwa na sita. Saa tisa goti la kushoto lilianza kuwaka moto, na kigutu kikawa kinapwita ndani ya mguu wa bandia, akaufungua akauweka pembeni bila kujali anayeangalia. La saba likaisha. Karakana ilikuwa kimya. Kama angekuwa na nafasi ya kufikiri, angeshangaa kwamba hata Redio alikuwa amezimwa tangu chakula cha mchana, ameinama, anakanyaga kama mtu anayefukuzwa. Lakini Milimita alikuwa kwenye kola ya shati la nane.

Saa kumi na nusu Shangazi alipiga makofi mawili, ishara ya kuacha. La nane lilikuwa limekunjwa. La tisa lilikuwa bado halina mikono. Milimita alivaa mguu, akaenda bombani kunawa uso, na huko akakaa kidogo, maji yakimwagika bure. Alikuwa anajua idadi.

Aliporudi, Shangazi alikuwa mezani kwake, akikagua shati la mwisho kwa rula. Alilikagua kola, mabega, pindo. Akalilaza juu ya mengine.

"Kumi," alisema. "Yote safi."

Mafundi walishangilia. Mtu alimpiga Milimita mgongoni. Na kwa pumzi kama tatu hivi alikuwa fundi tena, tusimfanye malaika, furaha ilimjaa mpaka kooni na alitaka imeze kila kitu, pamoja na hesabu. Akaangalia rundo. Akaangalia upande wa Redio, na Redio akawa bize kupangusa meza isiyo na vumbi.

Milimita aliketi. Akavuta mashati, akayafunua kola moja baada ya nyingine, akagusa mwanzo wa kila mshono kwa kidole gumba. Mawili akayatenga.

"Haya si yangu, Shangazi."

"Kwa vipi?"

"Mimi naanza kwa mkono. Mishono mitatu inabana. Gusa hapa. Sasa gusa hapa."

Shangazi aligusa. Hakuhisi tofauti, ilionekana usoni, lakini alimwamini.

"Milimita, nyamaza bwana," alisema Redio kwa sauti ya chini. "Nyamaza tu."

"Kwa hiyo ni manane," alisema Shangazi.

"Ni manane."

Shangazi alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. "Nilisema kumi."

"Ulisema."

"Yule mama anaanza kesho. Nafasi nyingine sina kwa sasa, na sikuahidi. Lakini siku utakapotoa kumi, yako mwenyewe, niambie. Nitakuja mimi kuyaangalia."

Redio alimfuata mpaka barabarani, amekasirika kweli, macho mekundu. "Nimevunja mgongo kwa ajili yako. Nimeshona mashati kumi na manne leo, sijawahi. Mawili tu, ndugu yangu. Yangekupunguzia nini?"

"Na kesho ungenipa mawili?"

"Ningekupa."

"Na keshokutwa?"

Redio akapiga teke kokoto iliyokuwa njiani.

"Najua ungenipa," alisema Milimita. "Wewe ni mtu mwema. Na mimi ningekuwa nimekaa pale kila siku nikisikiliza kama umechoka. Nilichokuwa nakitafuta miezi hii miwili ni kukaa pale bila mtu kunishikilia, Redio. Basi." Akamshika mwenzake bega, akaenda zake.

Mkewe alikuwa mlangoni. Hakuuliza imekuwaje, aliuliza, "Mangapi?"

"Manane."

Alimpisha apite. Milimita alikaa kitandani, akafungua mguu, na hapo akalia, kilio cha mtu mzima, kisicho na sauti kubwa. Mkewe alikaa pembeni yake akamwacha alie. Hakumwambia kwamba Mungu atafungua njia nyingine, wala hakumtaja kaka na duka lake. Alipoona ametulia, alimletea maji na kitambaa cha kukanda goti.

"Nimekosa mawili," alisema Milimita.

Mkewe alikanda goti, akaliviringisha kitambaa. "Mwezi uliopita kwa siku ulikuwa unatoa mangapi?"

Alifikiri. "Sikuwa natoa shati. Nilikuwa nashona karatasi."

Mkewe akatikisa kichwa kukubali, akaenda jikoni kuinjika chungu. Jua lilikuwa bado halijaondoka dirishani. Baada ya muda alisikia cherehani ikizunguka chumbani, ikasimama, ikazunguka tena. Akarudi mpaka mlangoni, mwiko mkononi. Mumewe alikuwa amekaa bila mguu wa bandia, kiatu cha kushoto juu ya pedali, kipande cha kitambaa cha zamani chini ya sindano.

"Fundi, si upumzike hata leo?"

"Nikipumzika sasa hivi goti litaganda," alisema, bila kuinua macho kwenye mshono. "Nimebakisha mawili tu."