Gauni Lililokunjwa

Miaka minne baada ya Tunu kufanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula, kilo zake zote zilikuwa zimerudi, tena bila hodi. Daktari akamwambia upasuaji wa pili unawezekana, akampa wiki mbili afikirie. Afikirie saa ngapi, na Jumamosi anamwoza binti yake Nusaiba? Gauni la hariri la Tunu, lililopunguzwa enzi zile za wembamba, lilikuwa linakwama mapajani.

Akalibeba hadi kwa fundi Mashaka, yuleyule aliyelipunguza, Gongo la Mboto, amenuna.

"Liongezee kitambaa chochote, fundi, hata kisichofanana. Na usinicheke."

Mashaka akaligeuza gauni, akachukua wembe, akafumua mshono wa ubavuni. Hariri ikafunguka kiganja kizima, inang'aa kama imetoka dukani leo. Tunu akakodoa macho.

"Kumbe hukukata?"

"Aliyekata ni daktari, dada. Mie nilikunja tu."

"Yaani ulijua nitanenepa tena, mshenzi wewe!"

"Sikujua. Ila hariri ya mtu haikatwi ovyo."

Tunu akacheka mpaka akashikilia cherehani asianguke. Jioni gauni lilikuwa tayari, likamkaa barabara. Alikuwa anajizungusha kwenye kioo simu ilipoita. Ni nesi, anauliza kama ameshaamua.

"Jumamosi nacheza, mwanangu. Jumatatu nakuja tuongee," alisema Tunu. "Na umuulize daktari, kwani yeye hajui kukunja?"